Sura ya Sita: Nyumba ya Tofali za Kuchoma

Ukishuka kwenye basi Uyole wakati wa kiangazi, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu iendayo Tunduma, tupa macho upande wa mashamba. Utaona moshi wa tanuru. Baridi ya huku, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, haitaki nyumba ya kubahatisha, na mtu akishapata kiwanja anachowaza kwanza ni tofali za kuchoma. Tope linakanyagwa, tofali zinafyatuliwa, zinaanikwa, zinapangwa, zinachomwa kwa kuni au kwa pumba za mpunga. Kazi yote iwe imeisha kabla ya mvua za Novemba, maana tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa udongo.

Naomba ushike swali moja tangu sasa: maji ya kukandia lile tope aliyachota nani?

Wanaume wengi wakiulizwa hivyo hucheka kwanza. Wanakumbuka bei ya lori la mawe ya msingi, wanakumbuka jina la fundi aliyewadhulumu mifuko miwili ya saruji, wanakumbuka mwaka waliopaua. Maji hawayakumbuki. Yalikuwepo tu, kwenye pipa, kila asubuhi. Sasa ndoa imefika ukingoni, kila mmoja anasema "nyumba yangu", na yale maji ambayo hakuna aliyeyaandika popote yanageuka kuwa ushahidi.

Vyombo hugawanwa haraka. Makochi, televisheni, hata ng'ombe wa maziwa, watu hupatana au hunyang'anyana yakaisha. Nyumba haibebeki, haikatiki, na kwa familia nyingi za Nyanda za Juu Kusini ndiyo akiba pekee waliyonayo: hawana hisa wala pensheni ya kutosha, wana tofali na bati. Kwa hiyo nyumba ndiyo inayowafanya watu waliokwisha kuchokana waendelee kulala chini ya paa moja miaka mitatu, mmoja chumbani, mwingine sebuleni, kila mtu akiogopa kwamba atakayetoka kwanza ndiye atakayepoteza.

Tuchukue mfano, na ni wa kubuni. Mume ni dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Mke anauza viazi na maharage, anachukua mzigo Uporoto na kushusha Uyole. Wameoana miaka 16, wana watoto watatu. Kiwanja kilinunuliwa kwa hela ya safari za mume. Karatasi ya mauziano ina jina lake peke yake, sahihi ya muuzaji, mashahidi wawili na muhuri wa serikali ya mtaa. Tofali walifyatua wenyewe. Boma lilisimama miaka miwili bila bati. Mke akapokea zamu yake ya mchezo wa upatu, wakapaua nusu. Wakahamia kabla ya plasta. Baadaye wakajenga fremu mbili mbele, upande wa barabara, zikapangishwa, moja saluni na nyingine duka la pembejeo. Sasa mume ana mwanamke mwingine Tunduma, na juzi dalali alionekana akipima uwanja kwa hatua.

Nitarudi kwao mara kwa mara. Kwanza sheria inasema nini.

Tanzania Bara tuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayowahusu watu wote, Waislamu, Wakristo, waliooana bomani na waliooana kimila. Kifungu chake cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa nguvu zao za pamoja. Katika kugawa, mahakama iangalie mila ya jamii yao, iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida yao wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyapima hayo, ielemee kwenye mgawanyo wa sawa. Soma tena lile neno la katikati: kazi. Waliotunga sheria ile waliliweka hapo kwa makusudi, lakini ilichukua miaka 12 kabla ya mahakama ya juu kabisa kusema waziwazi ni kazi gani inayohesabiwa.

Ilisema mwaka 1983, katika shauri ambalo kila mwanafunzi wa sheria nchini analijua kwa jina: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu, havijengi nyumba. Wengine walisema vinajenga. Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyotolewa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikubaliana na hao wa pili: shughuli za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya familia, hata kama hakutoa senti. Anayemwachia mwenzake nafasi ya kwenda kutafuta, huku yeye akishika nyumba na watoto, naye ametafuta.

Ndivyo hukumu hiyo inavyosimuliwa kwenye semina, na watu hupiga makofi. Sehemu ya pili husimuliwa mara chache. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu yoyote ya ile nyumba. Mumewe alikuwa amempa shilingi 2,000 aanzishe mradi wa kuisaidia familia, na mahakama ikaona kwamba alizitapanya. Mchango wake wa nyumbani ulikubaliwa kwa kanuni, kisha ukamezwa na zile 2,000. Aliwafungulia mlango maelfu ya wanawake, yeye akabaki nje.

Naisisitiza sehemu hii ya pili kwa sababu ndiyo inayomfundisha mtu wa Uyole jinsi ya kujiandaa. Kanuni inakusaidia ukiwa na ushahidi, na mwenendo wako na mali ya familia nao unapimwa. Tangu wakati huo Mahakama ya Rufani imerudia kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi: anayedai athibitishe. Wenzetu wa Kenya walifika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Januari 2023 Mahakama ya Juu yao ilisema kwamba usawa wa wanandoa ulioandikwa kwenye Katiba hauna maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja aoneshe alichoweka. Kwa hiyo yule jirani anayekuambia "nenda tu, utapewa nusu yako" anakudanganya kwa nia njema. Unaweza kupata nusu. Unaweza kupata robo. Inategemea utakachoeleza na atakayekuunga mkono.

Sasa, mke wetu wa viazi ana nini mkononi? Jina lake halimo kwenye karatasi. Hilo peke yake halimuangushi. Mali yenye jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake mpaka kinyume kithibitishwe, na kinyume kinathibitishika. Ana daftari la upatu, limechanika jalada lakini tarehe zinasomeka, na mwaka wa zamu yake ndio mwaka wa bati. Ana risiti mbili za duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa. Ana fundi aliyepaua, ambaye bado yuko hai na anakumbuka nani alimlipa na nani alimpikia. Ana jirani aliyekuwa akichota naye maji ya tope alfajiri. Anaona haya kumleta jirani mahakamani aseme habari za ndoo. Namwambia asione haya. Hakimu anayejua nyumba za huku zinavyojengwa ataelewa maana ya ndoo 40 kwa siku kwa mwezi mzima.

Na mume? Asidhani sura hii imeandikwa dhidi yake. Ana mikataba ya kazi, ana miamala ya simu aliyotuma kutoka barabarani, ana karatasi ya kiwanja. Hivyo navyo ni mchango, na mara nyingi ni mkubwa. Akija mahakamani akakiri wazi kwamba mwenzake alifanya kazi, kisha akaonesha yake, atasikilizwa vizuri zaidi kuliko akija na ule wimbo wa "alikuja na sanduku tu". Yapo pia mashauri yaliyogeuka: mke ndiye mwenye mshahara, mwalimu au muuguzi, kajenga kwa mkopo wa benki, mume ndiye aliyesimamia mafundi na kulinda saruji isiibwe. Kipimo ni kilekile. Kazi ya mume nyumbani inahesabiwa kama ya mke.

Turudi kwa dalali, maana huyo hasubiri hukumu.

Kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo kinakataza mwanandoa mwenye nyumba ya ndoa kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, wakati ndoa bado ipo. Haijalishi jina ni la nani. Asiye na jina anahesabiwa kuwa na maslahi ndani ya nyumba, na anaweza kuyalinda kwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeongeza uzito: rehani ya nyumba ya ndoa inataka ridhaa ya mwenza, na mkopeshaji ana wajibu wa kuulizia kama mwenza yupo na kama amekubali. Ndiyo maana benki siku hizi hukuita na wewe uweke sahihi, au humtaka mkopaji aape kwamba hana mke. Wapo wanaoapa hivyo huku watoto wanne wanawasubiri nyumbani.

Zuio hilo lina historia yake hapahapa Mbeya. Kuna rufaa ya madai namba 59 ya mwaka 2000, ya mke aliyepinga nyumba ya ndoa kuwekwa rehani benki bila yeye kuridhia. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba mke ana maslahi yanayoweza kulindwa. Ila hakuwa amesajili zuio lolote, na hilo ndilo lililomponza. Haki aliyokuwa nayo ilikuwa kichwani mwake, haikuwa kwenye daftari la Msajili ambako benki ingeiona.

Hapa ndipo ninapogombana kidogo na sheria yenyewe. Zuio la Msajili wa Hati linakwenda kwenye ardhi iliyosajiliwa, yenye hati. Lakini nyumba ngapi za Uyole, Igawilo au Iganzo zina hati? Nyingi zimesimama kwenye viwanja vilivyonunuliwa kwa mkulima, kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa mtaa. Huwezi kuweka zuio kwenye daftari ambalo kiwanja chako hakimo. Sheria imempa mke ngao, halafu ikaitundika ukutani kwenye ofisi asiyo na sababu ya kuingia.

Kwa hiyo fanya hivi. Mnunuzi anayelindwa na sheria ni yule aliyenunua kwa nia njema, bila kujua kwamba kuna mwenza mwenye haki. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna atakayeweza kusema hakujua. Andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa: mimi fulani, mke wa fulani, ninaishi katika nyumba hii, ni nyumba yetu ya ndoa, sijaridhia iuzwe wala iwekwe rehani. Nakala kwa mtendaji. Zigongwe muhuri wa kupokelewa, wewe ubaki na yako. Barua hiyo haina nguvu ya zuio lililosajiliwa, lakini mauziano ya kiwanja kisicho na hati hupitia kwa mwenyekiti huyohuyo, naye akishakuwa na barua mezani ataogopa kugonga muhuri. Waambie majirani. Ikifika mahali dalali analeta wateja, usipigane naye getini. Nenda mahakamani uombe amri ya kuzuia mauzo hadi shauri liishe.

Na kuhama je? Hofu ya "nikitoka nimepoteza" haina msingi wa kisheria. Aliyeondoka kwa sababu anapigwa hajaiacha haki yake kwenye nyumba. Mwanandoa ana haki ya kuendelea kuishi kwenye nyumba ya ndoa mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vingine, na mwenzake hana ruhusa ya kumtupia vitu nje au kubadilisha kitasa. Kama kuna kipigo, toka. Anayepaswa kubaki na utulivu ni yule ambaye hofu yake ni maneno tu, kwa sababu ukiondoka kwa hasira unaacha nyuma daftari la upatu, risiti na cheti cha ndoa, na ukirudi wiki ijayo hutavikuta. Kabla ya chochote, toa nakala. Nakala moja iende kwa dada yako.

Kuna sentensi moja ambayo kila kikao cha usuluhishi hufikia, kwa kawaida saa ya pili, wazee wameshachoka. Mjomba mmoja husema, "Basi jamani, nyumba tuwaachie watoto." Wote wanatikisa kichwa. Inasikika kama hekima. Matokeo yake ni kwamba yule anayebaki na watoto ndani ya nyumba, au yule mwenye funguo, ndiye anayekuwa mwenye nyumba. Mwingine ametoka mikono mitupu kwa jina la watoto wake mwenyewe. Mgawanyo wa kifungu cha 114 ni kati ya wanandoa. Mahitaji ya watoto hupimwa, na yanaweza kuongeza sehemu ya anayewalea, lakini watoto hawamo kwenye mgawanyo kama wenye mali. Mnataka kweli kuwapa? Gawaneni kwanza, kisha kila mmoja atoe sehemu yake kwa maandishi. Nimeona ukarimu mwingi ukipoa hapohapo.

Jambo lingine linalosumbua sana huku ni nyumba iliyojengwa kwenye eneo la baba mkwe. Kijana kaoa, baba kamkatia kipande nyuma ya nyumba yake, wakajenga. Miaka 10 baadaye wanaachana, na baba mkwe anasimama: ardhi hii ni ya ukoo. Mara nyingi yuko sahihi juu ya ardhi. Mahakama haiwezi kugawa kisicho cha wanandoa. Lakini tofali na bati vina thamani yake, na anayedai adai hiyo: thamani ya ujenzi, alipwe fedha. Ndiyo maana, mabinti zangu, kabla hamjachota ndoo ya kwanza ulizeni kiwanja ni cha nani, na kama ni zawadi kwa mumeo, iandikwe. Swali hilo likiulizwa siku ya kwanza ni la kawaida. Likiulizwa siku ya mwisho linaitwa tamaa.

Kinyume chake pia kipo. Mume aliyeoa akiwa na boma lake tayari hudhani ni lake milele. Sheria inasema mali iliyopatikana kabla ya ndoa inaingia kwenye mgawanyo ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili wakati wa ndoa. Boma lililokutwa halina paa na leo lina dari, vigae na maji ya bomba limeshavuka mstari huo. Na waliokaa pamoja bila ndoa rasmi miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kama mke na mume, wanaweza kuiomba mahakama iwachukulie kuwa walioana, na mali waliyochuma igawanywe.

Namna za kuigawa si nyingi. Inathaminiwa na mthamini, mmoja anamlipa mwenzake sehemu yake na kubaki nayo. Au inauzwa, fedha zinagawanywa kwa viwango vilivyoamriwa. Kwa mke na mume wetu kuna njia ya tatu, kwa sababu wana fremu: mmoja achukue nyumba, mwingine fremu, wakilipana tofauti. Mimi huipenda njia ya kwanza, iambatane na muda wa malipo ulioandikwa, maana nyumba ikiuzwa kwa haraka ya mahakama bei yake hushuka na anayenufaika ni mnunuzi. Kodi ya fremu wakati shauri likiendelea ikusanywe na mtu mmoja kwa daftari, kila mwezi isainiwe. Vinginevyo nayo itakuwa shauri jipya.

Hakuna kati ya haya litakalotokea ukiruka ngazi. Mahakama hugawa mali inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baada ya hapo. Talaka ya mdomo na karatasi ya wazee haviigawi nyumba. Na kabla ya mahakama kuna Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata, la kanisa au la BAKWATA. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati, ile watu wanayoiita fomu namba 3. Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kusikiliza shauri lako, huna haja ya kupanda hadi Mahakama Kuu. Kama huna wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bila malipo; ulizia kwa ofisi ya ustawi wa jamii.

Yule mke wa viazi anayo fomu yake tayari. Aliipata mwezi wa tatu, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari la upatu, akasubiri kwanza mavuno ya maharage. Fomu hiyo ina uhai wa miezi 6. Ikipita kabla madai hayajafunguliwa, anarudi Barazani kuanza upya, na dalali hatamsubiri. Kama nawe unayo, itoe leo uangalie tarehe.